Mtelezo wa Kona ya Chini

Haya aliyasimulia fundi wa kuchomelea vyuma, mtu ambaye ukimpa maneno kumi atakurudishia mawili, kwa hiyo sioni kwa nini atie chumvi. Yalimkuta dada yake wa tumbo moja, mchoraji na mjenzi wa viwanja vya michezo ya watoto. Watu walimwita Mama Bembea, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mama Bembea alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kushika penseli alikwenda kukaa pembeni ya uwanja mtupu, saa za watoto kutoka shule, akawa anatazama tu. Wanakimbilia wapi, wanagombania wapi, wakichoka wanajitupa wapi. Alipenda kusema kwamba watoto hujichorea ramani kwa miguu yao, kazi ya mjenzi ni kuifuata. Na kiwanja kikikamilika, wa kwanza kukichezea alikuwa mwanawe wa pekee, mvulana wa miaka sita. Akicheka yeye, kazi imekubalika.

Mtoto huyo walimwita Mzee, kwa sababu alizaliwa na makunyanzi kwenye paji la uso, na tangu ajue kusema hakuacha kuhoji watu. Mama, mbona mwezi unatufuata? Mama, mbona mjomba hana nywele? Mjomba, yaani fundi mwenyewe, alikuwa akivua kofia amwonyeshe vizuri. Baba wa mtoto alikuwa amefariki, na mama mtu alimchunga mwanawe kama yai.

Uwanja wa safari hii ulikuwa nyuma ya nyumba za ghorofa, umeinama kidogo. Watoto walienea kila mahali isipokuwa kona ya chini. Mpira ukiviringika huko waliusubiri usimame, kisha mmoja akauvuta kwa fimbo ndefu. Mama Bembea aliikagua kona yenyewe. Nyasi nzuri, hakuna tope, hakuna miba. Akamwita msichana mmoja mwenye nywele za mabutu, akamuuliza kuna nini kule.

"Pale si zamu yetu, anti," msichana alisema polepole.

"Ni zamu ya nani?"

Msichana aliitazama kona, akavitazama viatu vyake, akarudi kwa wenzake.

Hapo ndipo Mama Bembea alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa kazi yake. Wajenzi wa viwanja huchukia kona iliyokufa. Mahali watoto hawaendi, unaweka kitu kizuri kuliko vyote, nao watakwenda tu. Wahenga walituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mdogo hawakutuambia humpata nini.

Akaweka pale mtelezo wa bomba. Mtoto anapanda ngazi, anaingia juu, bomba la plastiki la manjano linapinda mara moja, anatokea chini kwenye mchanga. Upana wa bomba aliupima mwenyewe: mtoto ateleze vizuri, lakini asiweze kugeuka akiwa ndani, maana anayegeuka hukwama. Kaka yake alichomelea ngazi, wakamwaga zege, wakakaza bolti, na asubuhi yenye jua zuri Mzee akaletwa kukubali kazi.

Alipanda huku akiuliza kwa nini bomba si bluu. Mama alikuwa juu naye kwenye jukwaa, mjomba akamngojea chini. Mzee akakaa, akatanguliza miguu, akajisukuma. Walimsikia akicheka. Kisha kicheko kikakatika, kama redio iliyozimwa.

Mama Bembea aliinama kuchungulia. Hakuona kitu. Chini mjomba naye alikuwa anachungulia. Bomba lilikuwa fupi, mtu angeweza kumwita mwenzake upande wa pili bila kupaza sauti. Alikuwa anafungua kinywa amwite mwanawe, mtoto akatokea.

Alitokea kwa kichwa.

Mjomba alimpokea, akampangusa mchanga, akajilazimisha kutania kwamba kijana amegeuka mwanasarakasi. Mtoto hakucheka. Alimtazama mjomba kichwa kisicho na nywele, akamtazama mama anayeshuka ngazi mbiombio, kisha akatulia. Mama alimshika mashavu akamuuliza ameumia wapi.

"Sijaumia," alisema. "Zamu yangu imefika."

Nyumbani alikula, alioga, alilala. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Kila jambo alisubiri kwanza mama afanye, ndipo naye akafanya. Na hakuuliza swali hata moja. Mama Bembea alijaribu kujiambia mtoto amepatwa na mshtuko, utapita. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikaa mezani akimwangalia mtoto wake akitafuna, akahisi ana mgeni.

Kesho yake mchana alirudi uwanjani, mtoto akiwa shuleni. Alisema anakwenda kukaza bolti. Hakukuwa na mtu. Alipiga magoti mdomoni mwa bomba, spana mkononi.

"Mama," sauti ilisema kutoka ndani. "Mbona bomba haliishi?"

Alitumbukiza mkono hadi begani. Akakwaruza plastiki. Aliingiza kichwa, akaona mwanga ukishuka kutoka juu, na katikati hapana mtu. Sauti haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya kuuliza tu, kama alivyokuwa akiuliza habari za mwezi. Alimwambia mwanawe atulie, mama yupo, asiogope.

Jambo la kwanza lililomjia ni kumleta yule mwingine arudi alikotoka. Alimtoa shuleni mapema, akamkokota mpaka kwenye ngazi. Mtoto akashika nguzo. Mjomba, aliyeitwa haraka kutoka karakana, anasema katika maisha yake ya kukunja vyuma hajawahi kukuta mikono migumu vile. Watu wazima wawili walishindwa kubandua vidole vya mtoto wa miaka sita. Naye hakupiga kelele. Alimnong'oneza mama sikioni.

"Zamu yangu haijaisha."

Ndani ya bomba sauti ikaanza kuita. Mama mbona hunijibu. Mama uko wapi.

Basi wakafanya lile ambalo mzazi yeyote angelifanya. Wakalifungua bomba. Kama mtoto yumo, walisema, atatoka. Wakatoa kipande cha juu. Sauti ikahamia cha pili. Wakatoa cha pili. Ikahamia cha chini, imekuwa nyembamba, imekuwa mbali. Mama Bembea alikuwa anafungua nati kwa vidole huku vinavuja damu. Kipande cha mwisho kikaanguka mchangani. Wakakiinua. Kilikuwa kitupu.

Sauti ilikatika.

Yule mtoto aliachia nguzo, akajipanga mbele ya mama yake, akampa mkono ili waende nyumbani. Ndipo Mama Bembea alipoelewa. Bomba lilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, nao wameitoa yote miwili mwanawe akiwa bado ndani. Waliufunga mtelezo tena jioni ile, kila bolti mahali pake. Haukusema kitu. Waliufungua, wakaufunga. Haukusema kitu tena.

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja mapema akakaa. Mama Bembea aliacha kazi. Vile vipande vya bomba kaka yake alivipeleka nyuma ya karakana, akaviegemeza ukutani chini ya turubai. Mtoto aliendelea kuishi na mama, mwenye adabu, kimya, na viatu vyake havikumbana. Mwaka ulipita, ukapita mwingine, viatu ni vilevile. Walimu walipoanza kuulizana, Mama Bembea alihama. Amehama tena na tena. Kila anapofika huwaambia majirani kwamba mwanawe ana miaka sita. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na wengine hudhani ni bibi yake.

Juzi juzi fundi alitaka kusafisha uga wa karakana. Akavuta turubai, akainua kipande cha bomba akimulika ndani, kisha akakiweka chini akampigia simu dada yake aje. Hakumwambia ni nini.

Ndani ya plastiki vumbi lilikuwa nene, na kwenye vumbi kulikuwa na alama za viganja. Zilianza ndogo, za mtoto mdogo. Zilizofuata zilikuwa kubwa kidogo, kisha kubwa zaidi, moja baada ya nyingine, na vidole vyote vilielekea upande mmoja, kule juu kwa kuingilia. Mama Bembea alipiga magoti. Akapeleka kiganja chake kwenye alama ya mwisho. Vililingana kabisa, kidole kwa kidole.

Fundi alimuuliza kama afute. Dada akatikisa kichwa. Zile alama za zamani zilikuwa zimeanza kufunikwa na vumbi jipya. Ile ya mwisho bado.