Kilo za Mwaka Jana

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kiherehere alikuwa na kazi tatu: kufagia chumba cha mbele ambamo mama yake alishonea nguo, kuokota pini zilizodondoka sakafuni, na kutia mafuta kwenye cherehani. Mtu mtulivu angetumia nusu saa. Yeye alitumia dakika kumi, na ndiyo maana pini mbili tatu zilibaki pale pale sakafuni, zikimsubiri mteja atakayevua viatu.

"Mjukuu wangu, unakimbizwa na nani?" bibi yake alizoea kumuuliza. Bibi ndiye aliyempa jina hilo la Kiherehere alipokuwa na miaka mitatu, na sasa, akiwa na miaka kumi na miwili, hata mwalimu wake wa darasa alimwita hivyo.

Wiki ile miguu yake haikutulia kabisa. Darasa la sita lilikuwa likipanga kwenda ziwani Jumamosi, kwenye bustani ya mapumziko yenye mashua za makasia, bembea, uwanja wa mpira na nyasi za kukaa na kula. Mwalimu alikuwa amemchagua Kiherehere kuwa katibu wa safari. Wengine walinung'unika, lakini mwalimu akasema mtu anayependa kukimbia apewe kazi ya kukimbilia. Usiku akilala, Kiherehere alijiona amekaa mbele kabisa kwenye mashua ya kwanza.

Jumatatu ilifika barua kutoka kwa msimamizi wa mashua, ambaye wote walimwita Nahodha. Barua ilikuwa fupi na kali kidogo. Nahodha alitaka orodha ya wanafunzi wote, na mbele ya kila jina, umri na uzito. Uzito ulimsaidia kujua kila mtoto avae jaketi gani la kuelea, na kila mashua ibebe watoto wangapi. Mwisho aliongeza kwamba shule nyingine nayo iliomba Jumamosi hiyo hiyo. Itakayotangulia kuleta orodha ndiyo itakayopewa siku.

Mchana ule ule Kiherehere aliwapanga wenzake thelathini na watano mstari mmoja mpaka kwenye zahanati iliyo jirani na shule, naye akiwa wa thelathini na sita. Muuguzi alikuwa mtu wa taratibu. Vua viatu. Toa vitu mfukoni. Simama wima, usiniangalie mimi, angalia ukuta. Kisha alingoja mpaka mshale wa mizani usimame kabisa, ndipo akasema namba. Saa nzima ilipita, na waliopimwa walikuwa tisa tu. Mara akaingia mama amembeba mtoto mchanga mwenye homa.

"Basi kwa leo," muuguzi akasema. "Njooni kesho mchana."

Kesho mchana! Kiherehere alihisi kama anawashwa mwili mzima. Aliiona ile shule nyingine, wamekaa wametulia, wanaandika orodha yao, wanaipeleka. Alirudi darasani akizunguka madawati. Hapo akalikumbuka daftari la afya la mwaka jana, lililokuwa kabatini. Ndani yake kulikuwa na majina yote na kilo za wote, zimeandikwa vizuri kwa wino wa bluu. Akajiambia kilo ni kilo, nani atajua? Akanakili majina ishirini na saba yaliyobaki, haraka haraka, kabla kengele haijalia.

"Mmemaliza kupima wote?" mwalimu alishangaa alipopokea karatasi.

"Wote, Mwalimu."

Lilikuwa neno moja tu, na lilitoka kirahisi. Jumanne jibu likaja: Jumamosi ni yenu. Darasa zima lilishangilia, wakampiga Kiherehere mgongoni mpaka akakohoa. Alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na kijiwe ndani, kama kiatu kilichoingia mchanga.

Alhamisi jioni alikuwa nyumbani akimkunjia mama yake vitambaa. Muuza mikate wa mtaani alikuja kushonesha gauni, na mkononi alikuwa na funguo za duka, ishara kwamba hana muda.

"Fundi, vipimo vyangu si unavyo kwenye daftari? Wewe kata tu, mie niwahi."

Mama hakugusa mkasi. Alichukua tepu yake shingoni. "Dada yangu, vipimo vya daftarini ni vya mtu aliyekuja hapa mwaka jana. Leo umekuja wewe. Inua mikono."

"Unataka kusema nimenenepa?"

"Mimi sisemi kitu. Tepu ndiyo inayosema."

Walicheka wote wawili, na kweli tepu ilisema, tena ilisema inchi tatu. Kiherehere hakucheka. Kitambaa alichokuwa akikikunja alikikunjua, akakikunja tena, akakikunjua.

Muuza mikate hajatoka vizuri, akaingia mvulana wanayekaa naye dawati moja, yule aliyeitwa Twiga kwa urefu wake. "Shikamoo, Mama Fundi. Mama anauliza kama suruali hii inaweza kuongezwa chini. Nataka kuivaa Jumamosi."

Mama akaipima suruali kwenye mguu wa Twiga. Ilikuwa imeishia juu ya kifundo cha mguu, karibu kiganja kizima. "Wewe mtoto! Hii si niliishona mimi mwenyewe mwaka jana, ikawa inaburuta chini?"

"Twiga," Kiherehere akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "wewe una kilo ngapi?"

"Nitajuaje? Hujanipima." Twiga akacheka. "Si kitu. Mimi hata kuogelea sijui, lakini kuna jaketi, sivyo?"

Alipoondoka, Kiherehere alichukua ufagio akafagia chumba. Alipomaliza akakifagia tena. Kwenye orodha, Twiga alikuwa na kilo thelathini na nne. Labda ameongeza mbili tu, aliwaza. Labda tatu. Lakini miguu yake mwenyewe ilimkatalia kukaa, ikampeleka mlangoni, ikamrudisha, ikampeleka tena.

"Sakafu ile hata sisimizi amehama," bibi akasema. "Sema kinachokusumbua. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Akasema. Alisema yote, akilia, huku mama amesimamisha mguu juu ya kanyagio la cherehani. Alisema akimwambia mwalimu safari itavunjika na darasa zima litamchukia. Mama hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba uongo ule hakuuambia ufagio, alimwambia mwalimu, basi kesho asubuhi na mapema ndiye atakayeambiwa ukweli.

Ijumaa mwalimu alimsikiliza amesimama. Uso wake ulikunjamana, kisha akatazama saa ya ukutani. "Ningekuwa na muda ningekasirika kwanza," akasema. "Ngoja tumpigie Nahodha."

Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mwanamke, nzito na isiyo na haraka. "Majaketi nimeshayatenga, Mwalimu. Kila jaketi nimelibandika jina la mtoto wake. Mashua nazo nimezigawa. Mashua ni zenu kesho, lakini bustanini kutakuwa na watu zaidi ya mia mbili waliokuja kuogelea na kucheza, sitakuwa na nafasi ya kumtazama mmoja mmoja. Nipeni kilo za kweli kabla ya saa kumi jioni. Mkishindwa, bakini nyumbani."

Tatizo lilikuwa mizani. Muuguzi siku ile alikuwa ametoka kwenda kuchanja watoto vijijini na zahanati ilifungwa. Mwalimu akamgeukia Kiherehere. "Wewe ndiye katibu. Tafuta mizani. Ila kwanza nenda kawaambie wenzako kwa nini wanapimwa tena."

Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa nzito. Kiherehere alisimama mbele ya ubao na kuwaambia. Kiranja wa darasa, msichana mwenye sauti kavu, ndiye aliyezungumza kwanza.

"Kwa hiyo safari ikivunjika, ni wewe."

"Ni mimi," Kiherehere akajibu.

Mizani aliipata kwa mwenye duka la nafaka, mtaa wa pili. Ilikuwa mizani ya chuma ya kukaa chini, ile ya kupimia magunia. Mwenye duka alikuwa na unga kwenye nyusi, akawatazama watoto thelathini na sita waliojaa mlangoni.

"Haya, pandeni. Ila mjue mimi nimezoea magunia, na gunia hata siku moja halijamcheka mwenzake."

Kiherehere alishika kalamu. Mtoto wa kwanza akapanda, mshale ukaruka, naye akaanza kuandika.

"Unaandika nini?" mwenye duka akamuuliza. "Mshale ukicheza, bado haujasema kitu. Ngoja utulie."

Akangoja. Kungoja kulimtoa jasho. Alisimama kwa mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, akatafuna kifuniko cha kalamu, lakini hakuandika namba hata moja kabla mshale haujasimama. Twiga alipopanda, mshale ulipita thelathini na nne bila kusalimia, ukapita arobaini, ukaenda kusimama kwenye arobaini na sita. Kiherehere aliinama, akaisoma mara mbili. Kilo kumi na mbili zaidi. Aliiandika, akaipigia mstari chini.

Walimaliza saa tisa na nusu. Mwalimu alizisoma namba zote kwenye simu, na upande wa pili wakasikia penseli ikikwaruza karatasi. "Mnakuja," Nahodha akasema mwisho. "Ila kila mashua niliipangia watoto tisa. Kwa uzito huu ni wanane tu, na mashua ninazo nne. Watoto wanne watabaki nchi kavu, watazungushwa kidogo wenzao wakisharudi."

Kabla mwalimu hajauliza, Kiherehere alinyoosha mkono kujiandikisha wa kwanza kubaki. Wengine wote walipiga kura kwa vikaratasi ili wapatikane watatu zaidi, na mmoja wa walioangukiwa na kubaki alikuwa kiranja. Kiranja alikikunja kikaratasi chake vipande vinne, akakitia mfukoni, na hakumtazama Kiherehere mpaka shule ilipofungwa.

Jumamosi jua lilikuwa kali na ziwa limetulia. Nahodha alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na majaketi yake ya rangi ya chungwa yalipangwa juu ya meza kama mikate. Kabla ya kuyagawa, alimwita Twiga, akamtaka Kiherehere asogee naye mpaka ukingoni. Akamvalisha Twiga jaketi dogo.

"Hili lilikuwa lako mpaka jana," akamwambia. "La mtoto wa kilo thelathini na nne. Ingia na mimi, nitakushika."

Waliingia mpaka maji yakamfika Nahodha kifuani. "Inua miguu," akasema. Twiga akainua. Jaketi likapanda masikioni, naye akashuka. Maji yakafika kidevuni, yakafika midomoni, kisha yakagusa pua. Akakohoa, macho yamemtoka, na papo hapo mikono mipana ya Nahodha ikamnyanyua. Ilikuwa ni kufumba na kufumbua, lakini pale ukingoni Kiherehere alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini na viatu vyake, bila kujua ameingia lini.

Nahodha akamvalisha jaketi kubwa, akafunga mikanda yote mitatu. Twiga alipoinua miguu mara hii, alielea, kidevu kikavu kabisa, akaanza kucheka na kupiga maji kwa mikono. Kiherehere ndiye aliyekuwa akilia.

Nahodha alitoka majini akijikamua nguo. Hakumpapasa kichwa, wala hakumkaripia. "Mwanangu, watu watakuambia kosa lako lilikuwa haraka. Mimi sisemi hivyo. Mtu akizama mimi nina haraka kuliko wewe. Kosa lako lilikuwa kuandika jambo ambalo hukuliona, halafu ukasema umeliona. Mimi watoto wenu siwajui. Nawajua kwa karatasi tu. Ukiniandikia uongo, basi uongo ndio nitakaouvalisha jaketi, na mtoto mwenyewe atabaki bila." Akamtazama Twiga, kisha akamgeukia tena Kiherehere. "Mwalimu wako ameniambia jana uliona aibu mbele ya darasa. Ikumbuke aibu hiyo, maana ndiyo iliyomfanya mwenzako leo acheke."

Mashua nne ziliondoka, makasia yakipiga kwa pamoja. Kiherehere alikaa ukingoni na wenzake watatu, viatu vyake vimelowa. Aliziona zikizunguka, akasikia wenzake wakiimba huko mbali, na roho ikamuuma kweli, kwa sababu mahali pa mbele kwenye mashua ya kwanza palikuwa pamekaliwa na mwingine. Kiranja alikuwa amempa mgongo. Baada ya muda mrefu akageuka.

"Mimi ningenyamaza," kiranja akasema, akiangalia maji. "Nadhani ningenyamaza tu, tukaja hivyo hivyo."

Kiherehere akasogea kidogo, wakakaa karibu.

Zamu yao ilipofika, Nahodha alisimama mlangoni mwa gati na orodha mkononi, akaita mmoja mmoja. "Katibu wa safari. Kilo?"

"Thelathini na saba."

"Nani kakuambia?"

"Nimepimwa jana. Nimengoja mshale ukatulia."

Nahodha akaitazama karatasi, akatia alama, akamkagua mikanda yote mitatu ya jaketi, kisha akamshika mkono kumwingiza kwenye mashua.