Asubuhi ya Injini Baridi

Mvua ya mawe iliwakuta mlimani, na kabla dereva hajapata pa kugeuzia, kipande kizima cha barabara kiliporomoka mbele ya pikapu, kikaenda zake bondeni. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama, lakini baba mkwe wake, fundi viatu aliyekuwa akienda kwa binti yake kumwona mjukuu mchanga, aligonga kichwa dirishani akachanika paji la uso.

Walilala humo humo, wamejifunika turubai. Dizeli iliyobaki isingetosha kuwapasha joto usiku kucha na kuwafikisha popote. Kulipokucha, kioo kilikuwa cheupe kwa barafu, na kitambaa alichomfunga mzee kimelowa damu.

“Maji yamebaki mafunda mawili. Kunywa, baba.”

“Moja lako.”

Njia ilikuwa moja tu: ile ya zamani ya wakata mbao, yenye mpando mkali. Dereva alizungusha ufunguo nusu. Taa ya njano ya hita, ile inayopasha injini ya dizeli kabla ya kuwashwa, ikawaka.

“Washa basi, mke wa kijana wangu!”

“Taa haijazimika. Betri imechoka, sina nafasi ya kukosea.”

Taa ilipozimika, akawasha. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikataka kufa, kisha ikashika, ikigongagonga kama masufuria.

“Kanyaga mafuta ipate moto upesi!”

“Hapana. Oili bado nzito, haijafika juu. Nikiikaripia sasa, itatuacha mpandoni.”

Dakika moja ikapita, mlio ukalainika. Dereva akaondoka na gia ya kwanza, taratibu, kama anayebeba mayai, mguu wake ukigusa mafuta kidogo tu, mpaka mshale wa joto ukaanza kupanda.

Chini ya mpando, mshale ulikuwa katikati.

“Shikilia!”

Sasa alikanyaga kweli. Injini ikanguruma bila kusita. Tope likaruka, nyuma ya gari ikateleza kuelekea korongo la kando ya njia, tairi zikahangaika, zikauma mwamba, na wakatokea juu kwenye jua.

“Mwanangu,” mzee alisema. Kwa miaka minane alikuwa amemwita “mke wa kijana wangu.”

Kwenye kambi ya watengeneza barabara walimshona paji. Akiwa na kikombe cha chai mkononi, mzee aliwasimulia mafundi, na korongo likazidi kuwa refu kila alipolitaja. Dereva hakumsahihisha. Alinyoosha miguu kwenye moto, akaomba chai nyingine.