Pua ya Fundi Betri

Vifuniko sita vya betri vilikuwa vimepangwa juu ya kaunta, mstari mmoja ulionyooka, na mke wa fundi hakukumbuka kuvipanga. Alikuwa ametoka mara moja tu kwenda kunawa mikono baada ya chakula cha mchana, na mlango wa duka ulikuwa mbele ya macho yake muda wote. Alikigusa kimoja. Kilikuwa cha moto.

"Umefungua betri ya nani?" aliuliza kuelekea chumba cha nyuma.

"Ya nani tena?" mumewe alijibu. "Leo haijaingia hata moja ya kutia maji."

Akavikusanya, akavitupa kwenye kopo la misumari, akaendelea na kazi. Duka lilikuwa lao wawili. Mume alichaji na kutengeneza, mke alikaa kaunta na kuwachagulia watu betri za kubadilisha. Alikuwa hodari kweli. Mtu akija na haraka zake, yeye anamuuliza kwanza gari lenyewe ni gani, betri inakaa wapi, vichwa vya kufungia nyaya viko upande gani, kisha anageuza betri kumwonyesha tarehe iliyogongwa ubavuni, asije akauziwa iliyokaa rafuni mpaka imechoka.

Kazi yake nyingine ilikuwa ya ajabu kidogo. Mvuke wa tindikali ulikuwa umeua pua ya mumewe miaka mingi iliyopita, hata moshi wa mpira unaoungua alikuwa hausikii. Na chumba cha kuchajia si mahali pa mtu asiye na pua. Betri ikichemka hutoa gesi inayolipuka kwa cheche moja, na ile iliyochajiwa kupita kiasi hutoa pia harufu ya yai viza, ndiyo inayomwonya mtu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kugusa waya wowote, fundi alisimama kwenye kizingiti cha chumba hicho akaita, "Mama Pua, pananuka?"

Mkewe akija, akavuta pumzi, akisema "Hapanuki," fundi anaingia. Akisema "Pananuka," wanafungua dirisha, wanawasha feni, wanasubiri. Wateja walisikia mpaka na wao wakaanza kumwita Mama Pua, na yeye aliitika kwa kicheko. Miaka yote hiyo maisha ya mume yalikuwa puani mwake, na hakuwahi kukosea.

Kesho yake, wakati ule ule, vifuniko vilikuwa kaunta tena. Na mbele ya kaunta alisimama mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, amekumbatia mfuko wa plastiki.

"Mimi ni mke wa dereva," alisema kwa sauti ndogo. "Yule wa gari la abiria, aliyelipukiwa."

Mama Pua alimkumbuka dereva vizuri. Mtu mpole, mwenye utani. Betri ya gari lake ilikaa ndani, chini ya kiti cha abiria, na yeye mwenyewe Mama Pua ndiye aliyemshauri. "Usichukue ya kutia maji, kaka. Hiyo inapumulia matundu ya juu, gesi itawajaa humo ndani na watu. Chukua iliyozibwa kiwandani." Ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Dereva aliibeba betri begani akicheka. "Umenichagulia, Dada. Ikinizingua nitarudi unichagulie tena." Wiki tatu baadaye aliinua kiti injini ikiwa inaunguruma, akaona betri imevimba, akalegeza waya. Cheche moja ilitosha. Alikaa hospitali siku nne akipumua kwa shida, kisha akaacha.

"Pole sana, mdogo wangu," Mama Pua alisema.

"Sijaja kugombana, Dada. Nataka kujua tu." Mjane akafungua mfuko, akatoa kipande cha juu cha ile betri, kimepasuka na kuungua. "Mlimwambia mume wangu imezibwa kiwandani. Hivi ndivyo kiwanda kinavyoziba?"

Chini ya karatasi ya jina iliyobabuka kulikuwa na matundu sita ya kupumulia. Yote yalikuwa yamejazwa gundi. Mama Pua aliijua gundi ile, maana aliiona kila siku kwenye meza ya mumewe, ile nyeupe inayokauka ikawa kama kioo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mjane alipoondoka, Mama Pua alikwenda nyuma na kile kipande mkononi. Fundi alikitazama, akaendelea kufuta mikono.

"Ngapi?" mke aliuliza.

"Ngapi nini?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umeziba ngapi ukaniwekea kaunta niuze?"

"Tisa," fundi alisema. "Nane ziko barabarani na hazijaleta shida. Betri nzee ukiisafisha, ukaitia maji, ukaiziba, inafanya kazi. Watu wanataka za kuzibwa, tumewapa."

"Waite wenye hizo nane, leo hii. Na huyu mjane umwambie ukweli."

Fundi alimtazama kwa utulivu uliomtisha kuliko hasira. "Aliyemuuzia ni nani? Sahihi kwenye risiti ni ya nani? Nenda kaseme, mke wangu. Utajitaja mwenyewe."

Jioni ile Mama Pua hakula. Alikuwa na hasira na mumewe kiasi kwamba alitandika upande wake tu wa kitanda, na chini ya hasira ile kulikuwa na picha ya watu wanane wasiojua walichokalia.

Tangu siku hiyo duka liliharibika. Betri zilizopangwa rafuni, zisizoguswa na waya, zilianza kutokota, kwanza moja, kwa mbali, mithili ya uji unaoanza kupata moto, kisha zote pamoja. Mama Pua akizisogelea zinanyamaza. Akigeuka zinaanza. Harufu ya yai viza ilimfuata mpaka nyumbani, ikakaa kwenye mto wake, ikaingia kwenye maji ya kunywa. Mumewe hakusikia chochote, wala harufu wala sauti. "Umechoka tu," alimwambia.

Kisha vitu vikaanza kuzibwa. Tundu la ufunguo wa mlango wa nyumba lilikutwa limejaa gundi. Siku iliyofuata ikawa mdomo wa birika, kisha bomba la kuogea, kisha pindo zote za dirisha la chumbani, gundi ile ile nyeupe iliyokauka kama kioo, na fundi akaapa kwamba mkono wake haumo. Asubuhi ya siku ya nane aliamka akihangaika, akijikuna uso, akipiga kitanda kwa ngumi, na mkewe alipomgeuza kuelekea mwanga aliona tundu moja la pua yake limezibwa, laini, limenyooka, kama ngozi haikuwahi kuwa na tundu pale, akachukua sindano akatoboa huku mwenyewe akilia kwa woga, na ndani mle kukatoka hewa yenye harufu ya yai viza pamoja na sauti ndogo ya kiume, yenye utani, iliyomwambia mke sikioni, "Dada, nimerudi. Nichagulie."

Hapo fundi alikubali aitwe mganga.

Mganga alifika jioni kwa pikipiki, kofia ngumu kichwani, miwani ya kusomea ikining'inia shingoni. Alizunguka duka lote, akagusa betri moja moja, akarudi uani walikomsubiri wenyewe.

"Huyu si marehemu," alisema kwa sauti ya chini. "Marehemu amelala. Hili ni jini la pumzi. Mahali hewa inapopita halina ugomvi na mtu. Hapa kuna mtu amelifungia, likatoka kwa kuua. Sasa limevaa sauti ya mtu wa mwisho liliyemtoa roho, na halitaondoka mpaka lipate pumzi ya aliyeliziba."

"Dawa yake?" fundi aliuliza.

"Aliyeziba aseme kwa kinywa chake alichofanya. Kisha aingie peke yake na chetezo mle linamokaa, afukize ubani, afungue kila kilichofungwa. Akisema kweli, litapita pembeni yake."

Wote wawili walimtazama fundi. Mama Pua aliomba moyoni kwa nguvu zake zote. Aliomba aseme tu. Alikuwa tayari kumsamehe hata lile neno la risiti.

"Mimi sina la kusema," fundi alisema. "Betri tulizinunua hivyo hivyo. Anayeuza ni mke wangu, muulizeni yeye."

"Basi ingia na ubani tu, kama huna la kusema," mganga alisema. Hakuwa mtu wa betri, na hakuna aliyemweleza gesi ni nini. Alipuliza makaa mpaka yakawa mekundu, akayaweka kwenye chetezo, akamkabidhi fundi. Fundi hakuwa mjinga. Tangu asubuhi alikuwa amezima chaja zote, amechomoa nyaya, ameacha dirisha wazi. Kwa akili yake chumba kilikuwa kikavu na salama. Hata hivyo, mazoea ya miaka mingi hayamtoki mtu. Alisimama hatua tatu kutoka kizingitini, chetezo mkononi, akaita bila kugeuka.

"Mama Pua, pananuka?"

Mkewe alisogea mpaka mlangoni. Aliuona ukuta wenye maandishi ya mkono wake mwenyewe, HAKUNA MOTO, HAKUNA SIGARA. Aliliona dirisha limefungwa, gundi imelizunguka pande zote nne, inang'aa. Alizisikia betri zote zikitokota kwa pamoja, zimechomolewa na bado zinachemka, na harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba machozi yalimtoka, na katikati ya kutokota kule ile sauti ya yule mpole, aliyebeba betri begani akicheka, ikamwambia taratibu, kama mteja anayejua haki yake, "Dada, ni yeye au ni wewe. Nichagulie."

Akamtazama mumewe. Mgongo wake mpana, shati alilolipiga pasi yeye mwenyewe asubuhi.

"Sema ulichofanya," alimnong'oneza. "Nakuomba, baba. Sema sasa hivi."

"Nimekuuliza swali," fundi alisema. "Pananuka au hapanuki?"

Mama Pua alirudi nyuma, hatua moja, mbili, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa uani. Akamshika mganga mkono, akamvuta kando.

"Hapanuki," alisema.

Fundi akaingia.

Mlipuko ulirusha bati la paa mpaka nyumba ya jirani. Mganga alianguka, miwani ikavunjika, masikio yakamvuma. Mama Pua ndiye aliyekimbia na ndoo ya maji waliyoiweka miaka yote kwa ajili ya kuoshea tindikali, lakini hakukuwa na wa kuoshwa. Mganga alipoinuka alimsogelea.

"Ulinusa kitu, mwanangu?"

"Hapana, baba."

Mganga akapanda pikipiki yake, akaondoka bila kuuchukua mfuko wake wa dawa.

Mama Pua hakulala mpaka alipowapata wote wanane. Aliwachomolea betri kwa mikono yake, akawapa nyingine nzima. Alimwambia mjane wa dereva ukweli wa betri, ila si wa lile neno "Hapanuki", na mjane akasema, "Basi, imetosha," akafunga mlango. Baada ya miezi kadhaa Mama Pua akafungua duka jipya, lenye madirisha manne, lisilo na chumba cha kuchajia. Aliuza betri za kiwandani tu. Hakukuwa na gundi wala kifuniko hata kimoja mle ndani.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, alitoka kunawa mikono. Aliporudi, vifuniko sita vilikuwa vimepangwa juu ya kaunta, vya moto. Nyuma ya ukuta, mahali ambapo hapakuwa na chumba, mtu alikohoa kikohozi ambacho Mama Pua alikisikia kitandani miaka yote ya ndoa yake.

"Mama Pua, pananuka?"

Aliganda. Akavuta pumzi ndefu, akavuta nyingine. Akazileta puani mikono yake iliyokuwa bado imelowa sabuni, akainusa kwa nguvu, akainusa tena, na hakusikia harufu yoyote.