Mwenye Shamba la Lupaso

"Binti yenu mkubwa ndiye kanifungulia geti," alisema Rogath, na Bimdogo akaacha kumimina chai.

"Binti yupi?"

"Yule mrefu, mama. Kanikaribisha vizuri tu, ila kajitanda khanga, uso sikuuona."

Bimdogo na mumewe, Mzee Faruku, walikuwa na mtoto mmoja, Hamida, na Hamida alikuwa pale pale mbele yao akikuna nazi. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa tatu, na kutoka getini ikaja harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyochacha. Mabibo mwezi wa tatu! Masasi hata mtoto wa chekechea anajua mikorosho huzaa mwishoni mwa mwaka.

Bimdogo alimtazama mumewe. Hakufikiria jini, msimsingizie. Alifikiria kile ambacho mke yeyote wa tajiri angefikiria: mtoto wa nje.

"Baba Hamida, una la kuniambia?"

"Sina. Huyu jua limempiga."

Muongo huyo! Alikuwa nalo. Mwaka uliopita ndiye aliyemwita Rogath, mshauri wa kodi aliyehamia Masasi kutoka Moshi, ampangie mali. Bei ya korosho leo juu kesho chini, kila bajeti na kodi zake, na wapwa zake, ambao kwa desturi ya kwao hutazamia mali ya mjomba, walikuwa wameanza kumwamkia mara tatu kwa siku. Rogath alimshauri vizuri tu: gawa mashamba kwa watu wako, andika wosia, lipa kinachostahili, ulale usingizi. Sasa hao "watu wako" ndio walimshinda Faruku. Mke? Ana kaka zake. Wapwa? Fisi wale. Hamida? Ataolewa, na mume atakuja mikono mitupu. Basi akamtunga mtu. Somoe binti Faruku, miaka ishirini na sita, mkulima. Akaliandika shamba la Lupaso kwa jina hilo, na palipotakiwa dole gumba la Somoe akabonyeza lake mwenyewe, la kushoto. Mtu asiyekuwepo haibi wala haolewi. Akajiona mjanja, jamani.

Baada ya siku ile majirani walianza kumuulizia Somoe kwa jina, ingawa Faruku hakuwa amemtajia mtu. Muuza samaki alisema kamuuzia dagaa. Bimdogo akapekua simu ya mumewe, hakuona kitu, akazidi kushuku. Faruku naye akamshuku mkewe kwamba ameziona karatasi, akawashuku wapwa kwamba wamemtuma msichana wa kumtisha. Wakawa wanakula huku kila mtu anamchunguza mwenzake.

Kisha Hamida akaanza kukonda.

"Mama," alinong'ona mchana mmoja, "kuna mtu analala na mimi kitandani. Ananiuliza maswali."

"Maswali gani, mwanangu?"

"Ananiuliza wewe nakuitaje. Baba akinikasirikia huwa nafanyaje. Nikimjibu anarudia kwa sauti yangu."

Mchana huo huo Bimdogo alisikia mtu anapeta korosho ghalani, ungo ukipanda na kushuka taratibu, na ingawa alijua ghala lilikuwa tupu tangu mnada wa mwisho, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga yake mwenyewe, na Hamida alikuwa amelala ndani akitetemeka, alikwenda, akafungua, akasimama mlangoni na harufu ile ya mabibo ikimjaa kooni, akaona gizani mgongo mrefu umeinamia ungo usio na kitu, na kabla hajapata sauti ya kupiga kelele, mgongo ule ukamwambia kwa sauti ya Hamida, kwa upole kabisa, "Mama, mbona umechelewa?"

Alimkuta Faruku sebuleni akamshika kanzu. "Sema! Sema ulichofanya, mtoto ananifia!"

Faruku akasema kuhusu Lupaso na lile jina alilolitunga. Jioni ile ile wakamleta mganga kutoka Newala, Bibi Sijaona, kikongwe asiye na maneno mengi.

"Kwetu jina linarithiwa kwa marehemu wa ukoo," alisema. "Mnamwaga unga wa mtama, mnawaambia wazee nani anapewa. Wewe umelitoa jina kikavu, umeliacha wazi. Kilichokuwa kinapita kimeingia."

"Kinataka nini, bibi?"

"Jina kinalo. Shamba kinalo. Dole umekipa. Kinachokosa ni mwili." Akatazama chumba cha Hamida. "Kesho saa saba uite ukoo. Taja kila ulichomwandikia, ulikatae jina, ugawe. Utakachokificha, atabaki nacho."

Kesho yake walijaa uani. Faruku alisimama, aibu imemshika, akasema hana mtoto anayeitwa Somoe, akaligawa shamba la Lupaso nusu kwa Hamida, nusu kwa wapwa. Bibi Sijaona akamwaga unga.

"Ni hilo tu?"

"Ndilo tu."

"Faruku. Ni hilo tu?"

Kulikuwa na lingine, Makote, ekari arobaini, mikorosho yake bora kuliko yote, kwa jina lile lile na dole lile lile. Hakuna aliyelijua duniani. Aliwatazama wapwa walivyokodoa macho. Na nyakati zenyewe hizi, mtu usiwe na akiba?

"Ndilo tu, bibi."

Geti likafunguka lenyewe, likajifunga kwa kishindo. Harufu ikakatika. Ndani Hamida akaita, akasema ana njaa, na Bimdogo akakimbia akimlilia Mungu kwa furaha huku wanawake wakipiga vigelegele.

Wiki nzima binti alikula vizuri, akanenepa mashavu. Ijumaa, wakiwa mezani, alisema, "Baba, kesho nakwenda Makote. Shamba langu limeota majani."

Bimdogo akacheka. "Makote? Baba Hamida, sisi Makote tuna shamba?"

Faruku alifungua mdomo. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini neno lile lingerudisha ukoo uani, na unga, na macho ya wapwa. Binti alikuwa anamtazama, anamsubiri, hana haraka.

"Hatuna," alisema Faruku.

"Haya," alijibu yule binti, akamwomba mama amwongezee mchuzi.