Joto la Garini Likikatika Ghafla

Tekla aliamka amechoka kama alivyolala. Pale Mbagala, jua halijakaza, alikuwa keshateka maji, keshawasha moto, keshatega sikio kwenye kifua cha mwanawe. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomchosha kuliko zote. Auleria alikuwa na pumu. Kifua kikitulia, mtoto aliruka kamba mpaka akasahau kula. Kikibana, ilibidi afike hospitali ya mjini upesi, na basi la kutoka Mbagala lilikuja siku lilipotaka lenyewe.

Ndiyo maana mumewe Audax, karani wa bohari, alinunua gari kuukuu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa Mzungu wa Njombe, kwenye baridi kali. Yeye alilitia hita, kisanduku kilichokaa mbele, karibu na miguu ya abiria, cha kupuliza hewa ya moto. Koki yake ilikuwa imeshika kutu, haifungiki. Basi watu wa Mbagala, ambao jasho huwatoka wamekaa tu, wakawa na gari lenye jiko ndani.

Na jiko lenyewe halikuwa na msimamo. Leo lilipuliza moto, kesho hewa tupu. Pengine katika safari moja lilibadilika kama mtu mwenye homa ya vipindi.

Tekla hakulichukia. Kwao Bukoba, mtoto wa kifua alifukizwa, akafunikwa blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka. Kwa hiyo alimkalisha Auleria kiti cha mbele, akamsogeza karibu na kisanduku.

"Pumua, mwanangu. Haya ni mafusho ya bure."

Audax ndiye aliyelichukia. Tena aliona jambo. Akiongeza maji kwenye rejeta, tangi la kupoza injini, joto linarudi. Asipoongeza, baada ya siku chache linakatika.

"Nimelijua hili gari," alimwambia mkewe. "Maji ndiyo yanayolitia homa. Tuliache na kiu kidogo."

"Baba Auleria, kiu ni dawa ya homa tangu lini?"

"Subiri tu. Utaona litakavyopoa."

Palikuwa na udhia mwingine. Kapeti la mbele, chini ya miguu ya Auleria, lilikuwa likilowa. Tekla alilitoa, akalifua, akalianika, nalo likalowa tena.

"Umekojoa tena, Auleria? Msichana mzima wa shule?"

"Si mimi, mama."

"Nani basi? Baba yako?"

Audax alicheka. Auleria hakucheka. Aligeuza uso dirishani, na vioo navyo siku hizo vilikuwa vimejaa ukungu, huoni hata minazi ya kando ya njia.

Alhamisi moja asubuhi kifua kikabana. Mtoto alivuta pumzi kwa mabega, sauti nyembamba ikitoka kooni kama filimbi. Tekla akamfunga khanga, wakaingia garini. Walipoanza safari hita ilipuliza moto. Walipokaribia Mtoni, ikakatika. Hewa ikawa baridi kabisa.

"Nilikwambia," Audax alisema. "Limepona."

Tekla aliinamia kifua cha mtoto. Alikuwa akisikiliza filimbi.

Walipopanda kutoka bondeni, gari likapoteza nguvu. Moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, likasimama. Limechemsha. Audax alishuka, akafungua boneti, akachukua khanga ya pili ya mkewe akaikunja mkononi. Auleria alikuwa amemfuata babake, apate upepo.

Tekla hakujua kitu kuhusu magari, ila alijua sufuria iliyofunikwa huwaje. Akamvuta mtoto nyuma kwa nguvu. Papo hapo Audax akazungusha kifuniko cha rejeta. Kikaruka. Mvuke na maji ya moto vikamrukia, vikambabua mkono mpaka kwenye kiwiko.

Jirani yao Mfaume, aliyekuwa akitoka Temeke kwa baiskeli, aliwakuta hivyo. Mfaume aliwahi kuwa utingo wa malori ya Njombe. Aliishika chupa ya maji ya kunywa ya Auleria, akaanza kuumwagia mkono wa Audax polepole.

"Nipake mafuta," Audax aliomba.

"Mafuta ni ya kukaangia samaki, Bwana Audax. Moto ulio ndani ya ngozi hutolewa kwa maji baridi, tena kwa muda mrefu. Shemeji, wewe mchukue mtoto. Lile lori la nazi linakuja, nitalisimamisha."

Lori liliwachukua. Walifika hospitali midomo ya Auleria imeanza kugeuka rangi. Nesi alimchoma sindano kwanza, maneno baadaye. "Mama, mngekawia kidogo tu," alisema, wala hakuimaliza sentensi. Tekla aliimaliza mwenyewe moyoni, siku zote zilizofuata.

Gari lilirudishwa kwa kusukumwa. Kesho yake, injini imepoa kabisa, Mfaume alipiga hodi.

"Shikamoo, mzee Mfaume," Auleria alisema.

"Marahaba, mwanangu. Njoo unishikie gazeti hili."

Mkono wa Audax ulikuwa umefungwa bendeji. Mfaume alifungua rejeta, akawaita wachungulie. Maji hayakuonekana.

"Sasa sikilizeni. Hita haina moto wake. Huazima maji ya moto ya injini. Maji yakijaa, yanaifikia, inapuliza joto. Yakipungua, upepo unaingia kwenye mipira ya kupitishia maji, joto linakuja na kuondoka. Yakipungua zaidi, hayafiki tena, inapuliza baridi. Nyinyi mnakaa kwenye baridi mkishukuru, mwenzenu injini inaungua."

"Kwa hiyo lilipopoa…" Audax alianza.

"Lilikuwa linakata roho."

"Na mimi ndiye niliyelinyima maji."

"Usijilaumu peke yako. Njombe tungejua siku ileile, maana kule hita ikipoa dereva anatetemeka. Huku Mbagala nani alilie joto?"

Alijaza maji, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, mapovu yakatoka, akaongeza. Akashika mipira miwili ya hita. Yote ikapata moto.

"Mipira mizima. Ila maji yalikuwa yakienda wapi? Auleria, tandika gazeti kavu chini ya kisanduku."

Waliiacha injini ingurume. Kisha Auleria akachomoa gazeti. Lilikuwa na doa bichi la rangi ya kutu. Mfaume alilinusa, akampa Tekla.

"Hita imetoboka ndani. Ndiyo iliyolowesha kapeti, ndiyo iliyotia ukungu vioo."

Tekla alilishika gazeti, akakaa kwenye kizingiti. Uchovu wote ulimshukia kwa pamoja.

"Nilisema si mimi," Auleria alisema taratibu.

"Ulisema, mwanangu. Nisamehe. Sikukusikiliza."

Mfaume aliing'oa hita. Mpira mmoja akautoa kwenye injini na kuurudisha kwenye injini, bila kuingia ndani ya gari. "Maji yatazunguka huko huko," alisema. "Mafusho, shemeji, hayahitaji gari. Na pumu haitaki mafusho, inataka daktari." Kisha akamgeukia Audax. "Kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi, chungulia maji. Likichemsha njiani, zima, kaa pembeni, ngoja lipoe mpaka unaweza kuweka kiganja juu ya rejeta. Hapo ndipo ufungue."

Audax alichungulia asubuhi iliyofuata, na ya pili yake. Maji yalikuwa palepale. Baadaye ikawa mazoea, kabla ya chai.

Mvua za vuli zilipoanza, kifua cha Auleria kilibana tena. Safari hii alikaa nyuma na mama yake, madirisha wazi. Gari lilishuka Mtoni, likapanda, halikuguna. Walifika mapema, mtoto bado anaweza kutembea. Akachomwa sindano, wakaambiwa wangoje kwenye benchi. Audax alibaki nje na gari lake.

Nesi alipotoka kuwaruhusu, aliita, "Mama Auleria."

Hakuna aliyeitika. Tekla alikuwa ameegemea ukuta, khanga imemteleza begani, amelala fofofo kama mtu asiye na la kusikiliza.

"Usimwamshe," Auleria alisema, kwa pumzi moja. "Mama yangu amechoka."