Sabiha Hayupo

Kapu la Noa lilikatika mkono katikati ya soko la Tanga, na machungwa ya Muheza, yasiyo na adabu, yakatawanyika miguuni mwa watu. Moja likabingirika hadi chini ya buibui la Sabiha.

"Samahani, dada," alisema kijana yule mweupe, kwa Kiswahili cha mtaani Makorora kabisa. "Chungwa langu limeingia kwako."

"Hilo limeshasilimu," Sabiha akajibu. "Halirudi."

Noa alikuwa Myahudi, aliyeletwa Tanga angali mtoto wa kubebwa. Tangu siku ile, vifungo vya mashati yake vilikatika kila wiki, kwa kudra ya Mungu na ncha ya kisu, akayapeleka duka la ushonaji la Bi Mwamvua, shangazi yake Sabiha, alikoshona Sabiha.

Mwaka 1952 akaingia jeshini. Siku moja simu ya dukani ikalia, Sabiha akaipokea.

"Habibti, kesho tunapelekwa vitani Malaya. Nikirudi, namleta mama kuposa."

Duka lilijaa wanawake. Mashine zikanyamaza zote. Bi Mwamvua akauliza, pini mdomoni, "Nani huyo?"

Uso ukamwaka Sabiha. "Hapa hakuna Sabiha," akasema kwenye simu. "Umekosea."

Noa akacheka. "Basi msalimie huyo asiyekuwepo."

Hakurudi. Aliuawa msituni huko Malaya, hata ndevu hazijamkolea.

Bi Mwamvua akamchukua Sabiha kwenda kumpa pole mamake Noa, Mama Ruthi, kwa kuwa marehemu alikuwa mteja. Walimkuta kwenye kigoda, kioo cha ukutani kimefunikwa shuka, wageni wamenyamaza. Kwao mgeni hasemi mpaka mfiwa aanze. Sabiha hakulijua hilo. Aliona kimya chote kile kinamlaumu yeye, akatamani sakafu immeze.

Mwishowe Mama Ruthi akasema, "Noa aliniandikia kwamba alimpigia simu msichana wa dukani kwenu. Akaambiwa hayupo."

"Alikuwepo, mama."

"Nani alipokea?"

"Mimi."

Bi Mwamvua akamfinya. "Twende zetu."

"Na wewe ni nani kwake?" Mama Ruthi akauliza.

Wanawake wote wakageuka. Sabiha akafunua uso.

"Mchumba wake."

Mama Ruthi akasogeza kigoda chake.

"Basi mbona umekaa na wageni? Njoo huku, kwa wafiwa."