Kelele za Nadhira Bondeni

Kila siku akitoka shule, Nadhira alivua sare, akala alichobakishiwa, kisha akashika njia ya bondeni kuwinga ndege. Kazi hiyo aliifanyia juu ya dungu, yaani kichanja cha miti kilichosimamishwa katikati ya mpunga. Ndege wakitaka kutua, anapiga kelele mpaka waondoke. Na Nadhira alikuwa na sauti, si mchezo! Wenzake wa darasa la sita walimtania kwamba akiita bondeni kwao Kikombeni, watu wa Mbegani, kijiji cha mbali, huitika.

Mwaka huo mpunga wa mama yake, Bi Adila, ulikuwa umeanza kutunga vizuri. Ulibaki kupata maji ya mfereji kwa wiki chache tu ukomae. Mpunga huo ndio ulikuwa chakula cha nyumba nzima hadi msimu mwingine.

Jumamosi moja asubuhi lori liliingia katika shamba la jirani yao, Bwanausi. Bwanausi alikuwa mkulima mzuri zamani, ila siku hizi alichoka na jembe, akajitia kwenye udalali wa viwanja. Lori likamwaga kifusi. Likarudi tena na tena, mpaka shamba likawa juu na kavu, na mfereji uliopita kando yake ukafukiwa wote. Kwa Bi Adila maji yakakatika.

Adhuhuri Bwanausi akaja na mgeni kutoka Dar es Salaam, Bwana Abdulwahab, aliyekuwa anatafuta mahali pa kujenga nyumba ya kuishi akistaafu.

"Kiwanja hiki hapa, kikavu, upepo wa bahari unakufuata ndani," Bwanausi alimsifia.

"Na kijiji kinaruhusu kujenga hapa?"

"Bila wasiwasi. Hapa jenga hata ghorofa!"

Nadhira alisikia yote kutoka juu ya dungu. Aliutazama mpunga wao ukisimama pakavu, hasira zikampanda. Akapaza sauti ileile ya kuwingia ndege: "Muongo! Hapo hapajengwi! Muongo mkubwa!"

Bonde zima lilimsikia. Bi Adila, aliyekuwa akipalilia, aliliacha jembe akaja mbio.

"Shuka! Umemwita nani muongo? Mtu mzima?"

"Lakini mama, amefukia mfereji..."

"Nimekuuliza mfereji mimi?"

Bwanausi alikasirika sana. Akasema hakubali jina lake lichafuliwe mbele ya mgeni, na palepale akataka wote waende ofisi ya kijiji, mtoto amwombe radhi mbele ya mwenyekiti. Wazo lilikuwa lake mwenyewe, tusimsingizie.

Mwenyekiti wa kijiji, Bi Hajra, aliwakaribisha. Nadhira alimwamkia kila mmoja, kisha akamgeukia Bwanausi.

"Mjomba, naomba radhi. Sikupaswa kukutukana, tena kwa kelele."

"Yamekwisha, mwanangu," Bwanausi alisema, tayari akiinuka. "Haya, sisi tunaondoka."

"Keti kwanza," alisema Bi Hajra. "Mtoto huyu amezoea kufukuza ndege, na leo kafukuza watu. Nataka kujua sababu. Nadhira, ungelisema jambo lako kwa adabu, ungesemaje?"

Nadhira alimtazama mama yake. Bi Adila akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Ningesema hivi: Shikamoo, mjomba. Bonde hili ni la kilimo. Nyumba zinajengwa mwinukoni, kwenye mikorosho, ili maji yapate njia na sote tupate chakula. Kijiji kiliamua hivyo kwenye mkutano mkuu. Siku hiyo mimi na rafiki yangu Dija tulikuwa dirishani tunachungulia. Mwenyekiti alipouliza nani anakubali, wewe mjomba ulinyoosha mikono miwili, ukaambiwa ushushe mmoja."

Bi Hajra alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. Hata mgeni alicheka. Nyuma yao, ukutani, ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: bonde lote lilipakwa rangi ya kijani, ya kilimo.

"Ni kweli, Bwanausi?" aliuliza Bwana Abdulwahab.

Bwanausi alijikuna kisogo. "Siku ile nilikuwa bado nalima," alisema kwa sauti ndogo.

"Na mwenzio Bi Adila analima mpaka leo," alijibu Bi Hajra. "Bondeni hapajengwi. Kesho utaondoa kifusi chote. Na wewe, mgeni wetu, mwinukoni viwanja vipo, karibu sana."

Kesho yake Bwanausi alikuwa wa kwanza kushika koleo. Alipoanza kutweta, majirani waliingia kumsaidia, Bi Adila akiwa mbele. Alasiri mfereji ukafunguka. Maji yalipita kwa kishindo, wanawake wakapiga vigelegele, na Nadhira akakimbia kandokando yake akishangilia mpaka yalipoingia kwenye mpunga wao. Hakuwahi kufurahi namna ile.

Mpunga ukakomaa, wakaanza kuvuna, ghala likaanza kujaa. Siku walipopika wali wa kwanza, Bi Adila alipakua sahani, akamtuma Nadhira ampelekee Bwanausi. Bwanausi aliipokea kwa mikono miwili.

"Mwambie mama ahsante," alisema. "Msimu ujao narudi kulima. Utanikodisha hiyo sauti yako?"

Nadhira alirudi nyumbani akicheka. Mama yake alimketisha karibu naye.

"Siku ile nilikukasirikia kwa matusi, siyo kwa ukweli," alimwambia. "Ukweli useme daima, ila mtu mzima mwambie kwa heshima, atakosa pa kujificha. Na ujue, kijiji kupitisha uamuzi hakutoshi. Ni kama mpunga huu tulioupanda: bila wewe kukaa dunguni, ndege wangeumaliza. Bonde letu tumelipata tena kwa sababu wewe ulikuwa macho."

Akamsogezea sahani iliyojaa wali.

"Sasa kula. Kesho mapema nenda dunguni, mpunga uliobaki bado haujavunwa."